Mwenzenu wa wodini akifariki: jinsi ya kumuaga na kumkumbuka

Watumishi wa hospitali wanajua la kufanya mgonjwa akifariki. Nani anaandika muda, nani anapiga simu mochwari, nani anakaa na ndugu: yote yana mwenyewe. Ujuzi huo hupotea siku anayefariki ni mwenzao. Sista aliyekaa kliniki ya kisukari miaka ishirini na kitu, mhudumu aliyekuwa akiichemshia zamu ya usiku chai, mtu wa masijala aliyejua kila faili lilipo, huyo akiondoka watu hulia kwenye korido, michango hukusanywa na watu watatu kwa wakati mmoja, na baada ya mwezi hakuna anayekumbuka ahadi zilizotolewa msibani. Mapenzi yapo tele, ila hayana zamu.

Kwa hiyo fanyeni kama mnavyofanya wodini. Kila jambo mnalotaka kumfanyia marehemu lipewe jina la mtu na tarehe. Lisilo na jina halitafanyika, hata kama wote mnalitaka kwa moyo mmoja.

Saa za kwanza

Simu kwanza, ujumbe baadaye. Inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, anathibitisha habari kwa ndugu wa karibu, kisha anampigia matroni na mganga mfawidhi. Msiweke lolote kwenye kundi la WhatsApp mpaka familia iseme kwamba wazazi na watoto wamekwisha kuambiwa. Marehemu anaweza kuwa na mtoto chuoni Dodoma na mama kijijini, na habari ikianzia kwenu itawafikia kupitia picha yenye mshumaa kabla mjomba hajafika nyumbani kuwakalisha chini.

Watu wawili waambiwe ana kwa ana: rafiki yake wa karibu kazini, na aliye zamu muda huo. Aliye zamu asiambiwe akiwa anachanganya dawa au yuko thieta. Apatikane wa kumpokea kwanza, akabidhi wagonjwa, ndipo aketi aambiwe.

Ujumbe wa kundi uwe mfupi na uwe na mambo ambayo watu watauliza. Kwa mfano:

"Kwa masikitiko tunawataarifu kifo cha Sista (jina kamili), wengi tukimwita Mama (jina la mtoto), muuguzi wa kliniki ya kisukari, aliyefariki leo Jumanne alfajiri. Msiba upo nyumbani kwake Mbagala, shukia Rangi Tatu, turubai linaonekana kutoka barabarani. Mipango ya mazishi tutaileta saa 10 jioni. Maswali yote apigiwe (mtu mmoja, namba moja)."

Chanzo cha kifo hakiandikwi. Hapa hospitali hukosea kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi, kwa sababu mara nyingi marehemu alilazwa palepale na faili lake liko umbali wa hatua chache. Siku hiyohiyo mfawidhi alichukue faili na kulifungia, na aliyekuwa hamhudumii asiliguse, wala asitazame majibu yake kwenye kompyuta ya maabara. Siri ya mgonjwa haiishi kwa kuwa mgonjwa alikuwa mwenzenu. Akiuliza mtu "aliugua nini?", jibu ni moja: "Familia ndiyo itakayosema."

Kamati ya watu watano, na yule wa rosta

Familia itakuwa na kamati yake ya mazishi. Ya kwenu ni ndogo na iko chini ya ile: msemaji, mweka hazina, wa usafiri, wa wasifu na picha, na wa rosta. Msemaji peke yake ndiye anayezungumza na familia. Watu sita wakipiga simu kwa mjane mmoja kuuliza gari linaondoka saa ngapi, wamemwongezea mzigo.

Wa rosta ndiye mwenye kazi ngumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 4 za likizo yenye malipo kwa kifo cha mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa. Mfanyakazi mwenza hayumo, hata mngekaa naye meza moja miaka thelathini. Kwenda kuzika kunategemea kubadilishana zamu, na zamu haibadilishwi kwa maneno ya mdomo.

Andika majina ya zamu zote tatu za siku ya mazishi. Weka alama kwa wale ambao lazima waende, yaani waliofanya naye kazi kwa karibu zaidi, bila kujali vyeo. Waliobaki uliza nani angependa kubaki. Wapo ambao hawawezi makaburi, na kubaki na wagonjwa ndiyo heshima yao kwa marehemu, kwa hiyo wasisukumwe. Pengo linalobaki omba wodi za jirani, ambazo hazikumjua sana, ziwape mtu mmoja mmoja kwa nusu siku. Matroni asaini karatasi. Wodi isiachwe mikononi mwa wanafunzi na mtumishi mmoja, kwa sababu lolote likitokea kwa mgonjwa saa hizo, jina la marehemu litatajwa pamoja nalo.

Waliobaki wapangiwe kwenda matangani jioni ya siku hiyo au kesho yake, kwa gari la kikundi kama wenzao.

Dini ndiyo inayopanga saa

Kwa Mwislamu, habari inaweza kufika saa 3 asubuhi na mazishi yakawa baada ya swala ya alasiri siku hiyohiyo. Hakuna muda wa kuchapisha fulana wala kuagiza shada, na wala havihitajiki. Mna kazi tatu tu: kupata gari, kukusanya mchango wa haraka, kuwatoa watu. Foleni ya Dar ihesabiwe. Kutoka Upanga hadi makaburi ya Kisutu ni mwendo mfupi, kutoka Upanga hadi Mbagala mchana ni jambo jingine kabisa. Ondokeni saa mbili kabla, na anayetoka Mbezi asisubiriwe, aende moja kwa moja.

Kuosha maiti kuna watu wake, wa jinsia ya marehemu, wanaojua taratibu za dini. Uuguzi haukupi nafasi hiyo, subiri uombwe. Kwa desturi ya pwani wanaume hulifuata jeneza makaburini na wanawake hubaki nyumbani. Wodi yenye wanawake kumi na wanane na wanaume wawili iambiwe mapema, ili akina dada wasiofahamu wasijikute wamerudishwa njiani mbele za watu. Mavazi ni gauni refu na mtandio, au kanga mbili. Viatu huvuliwa mlangoni. Picha hazipigwi, na salamu za kazini kama zipo ni za dakika moja kabla jeneza halijainuliwa.

Kwa Mkristo mara nyingi kuna siku kadhaa: matanga jioni, vikao vya kamati, misa au ibada, kisha kaburini. Ulizeni siku ya kwanza kabisa padri au mchungaji amepanga saa ngapi na kama salamu za hospitali zitakuwa kanisani au nyumbani. Mahali pengi salamu hutolewa nyumbani kabla ya kwenda kanisani, na aliyejiandaa kuzitoa madhabahuni atabaki na karatasi yake mfukoni.

Wengi hawazikwi Dar. Mwili unaagwa hapa halafu unasafiri, Moshi kilomita kama 560, Bukoba zaidi ya 1,400. Kwa hiyo kuaga kwa Dar ndiyo mazishi yenu, kupangeni kwa uzito huo. Watakaosafiri wawe wawili hadi wanne. Mmoja awe aliyemjua kweli, mmoja awe na cheo cha kuisemea ofisi, na ikiwezekana mmoja awe anakisikia kilugha cha huko, maana wazee wa kijijini watataka kuambiwa kwa lugha yao mtoto wao alikuwa mtu wa namna gani mjini. Bajeti ya wawakilishi ni nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha siku tatu na malazi. Msitegemee kulala nyumbani kwa wafiwa, ambako hata ndugu wanalala kwenye mikeka.

Gari likisimama hospitalini

Familia ikikubali, gari la mwili linaweza kupita hospitalini kabla ya kwenda kanisani au kuanza safari. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Mfawidhi atoe kibali, mlinzi mkuu aonyeshwe njia, na gari lisimame mahali ambapo ambulansi haizuiwi hata kwa dakika moja. Mlango wa dharura haufai, hata kama marehemu alifanya kazi huko. Saa nzuri ni mara baada ya makabidhiano ya asubuhi, kwa kuwa zamu mbili zinakutana. Saa za kuona wagonjwa ziepukeni, ndugu hujazana na wengine hudhani ni mgonjwa wao.

Watumishi wasimame mistari miwili wakitazamana, gari lipite katikati polepole. Sare ziwe safi zilizotoka nyumbani, si zilizotoka kwenye zamu, na glovu na barakoa zibaki wodini. Mistarini wawepo wafanya usafi, walinzi, madereva, watu wa kufulia, wastaafu, na mama ntilie wa getini ambaye huenda alimjua marehemu kuliko mkurugenzi. Hao ndio wanaosahauliwa, basi mpeni mtu kazi ya kuwaita mmoja mmoja kwa majina.

Jeneza halifunguliwi hapo isipokuwa familia imetaka. Wagonjwa wa madirishani waambiwe mapema: "Tunamuaga muuguzi wetu, baada ya dakika chache tutakuwa nanyi." Wazee wawekewe viti na maji yawepo. Saa 4 asubuhi jua la Dar linawaangusha hata vijana waliokesha matangani.

Mkitaka mishumaa, upepo wa baharini utaizima. Kateni chupa za plastiki za maji ya lita moja na nusu, tieni mchanga vidole vitatu, mshumaa ukae ndani. Wauguzi wa jimbo la Kansas, Marekani, wana ibada fupi iitwayo Nightingale Tribute: jina la muuguzi aliyefariki huitwa mara tatu kama anaitwa kuripoti zamu, kisha mshumaa huzimwa. Ni nzuri na inachukua dakika tano, lakini iulizwe familia kwanza, maana si kila dini itaipokea. Dua na ukimya wa dakika moja vinatosha kabisa.

Fedha

Mweka hazina awe mmoja, namba ya simu iwe moja, na jina linalotokea wakati wa kutuma liwe lake mwenyewe. Waambieni watu watume na ya kutolea. Wekeni siku na saa ya mwisho. Kiwango kiwe cha kupendekeza, na pawe na njia ya mtu kutoa kidogo bila kuonekana. Mfanya usafi wa mkataba halipwi kama daktari bingwa, na asione aibu kuja msibani kwa sababu ya shilingi 10,000.

Tenganisheni mafungu matatu tangu mwanzo: rambirambi ya familia, gharama zenu za kwenda, na kumbukumbu ya baadaye. Tuseme watu 60 wametoa 15,000 kila mmoja, jumla 900,000. Mkitangaza "rambirambi 900,000" halafu Kosta ikachukua 250,000 na shada 60,000, familia itapokea 590,000, na yule shemeji aliyesikia 900,000 hatasahau. Tangazeni mapema: 10,000 ni rambirambi, 5,000 ni usafiri. Rambirambi inatoka laki sita kamili, haiguswi, na zile laki tatu za usafiri ndizo mtakazopangia gari. Kosta huchukua watu kati ya 26 na 30, kwa hiyo hesabu watakaokwenda kabla ya kukodi.

Bahasha ikabidhiwe kwa mtunza hazina wa familia mbele ya watu wawili, iandikwe kwenye daftari lao palepale. Ndani ya siku tatu wachangiaji wapate jumla na matumizi, bila orodha ya nani katoa kiasi gani.

Kuna fedha ambazo watu huzisahau. Ofisa utumishi aulizwe siku hiyohiyo mwajiri anagharimia nini, hasa jeneza na usafiri wa mwili, kabla familia haijanunua. Kudai baadaye ni kazi nyingine. Kama alikuwa mwanachama wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, au chama kingine, mwakilishi wa tawi aitwe. Kama idara ina mfuko wa kufa na kuzikana, someni katiba yake leo, msingoje Jumatatu.

Wasifu na picha

Familia itaandika maisha yake. Nyinyi semeni kazi yake. Dakika tatu, kama maneno 300, yasomwe kwa sauti mara mbili kabla ya siku yenyewe. Mwaka wa ajira na vituo alivyopitia mvipate kwa ofisa utumishi, si kwa kukumbuka.

Maneno "mchapakazi, mcheshi, mpenda watu" yanamfaa kila marehemu, kwa hiyo hayamwonyeshi yeyote. Waendeeni watu watano wa kazi tofauti na muwaulize swali moja: "Alikufanyia nini ambacho hakuna aliyemtuma?" Majibu ndiyo wasifu. Labda aliweka sukari droo ya pili ya meza yake kwa ajili ya mgonjwa atakayeshukiwa na sukari kwenye foleni. Labda alikuwa akifika saa 1 kamili ili wa zamu ya usiku awahi daladala la kwanza lenye nafasi. Labda alimfundisha kila mwanafunzi kupasha stethoskopu kiganjani kabla ya kumgusa mtoto. Sentensi tatu za aina hiyo zikisomwa, mjane atainua kichwa, kwa sababu atamsikia mtu wake.

Msitaje mgonjwa kwa jina wala kwa ugonjwa. Msielezee mateso ya siku za mwisho. Migogoro ya ofisini ibaki ofisini. Na msitoe ahadi msibani. "Tutawasomesha watoto" ni maneno matamu kusikia, lakini mtoto wa miaka tisa huyachukua kama yalivyo na kuyangoja. Kama kuna nia, iwekeni kwenye kikao, ipate mweka hazina na kiasi, ndipo familia iambiwe kwa utulivu wiki zinazofuata.

Picha nyingi za kazini zina wagonjwa nyuma, au ubao wenye majina yao ukutani. Kateni au muache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu wagonjwa hao, na hata pasingekuwa na sheria, mama aliyelazwa hakukubali kuwa kwenye fulana ya msiba. Chagueni mbili: moja ya sare, moja ya nguo za nyumbani akicheka. Ya sare ichapwe kubwa, kipimo cha A3, kwa ajili ya kuagia.

Kabati, rosta na simu yake

Jina lake lisikatwe kwa kalamu nyekundu kwenye rosta ya ukutani. Toeni rosta mpya, ile ya zamani ihifadhiwe.

Kabati lifunguliwe na watu wawili na ndugu mmoja, wiki moja au mbili baadaye, kwa orodha iliyosainiwa. Funguo za dawa zinazodhibitiwa ndizo zisizongoja, zirudi kwa matroni siku ya kwanza. Vitu vyake viwekwe kwenye begi zuri au vifungwe kwenye kanga mpya. Mfuko mweusi wa taka usitumike. Limetokea mara nyingi, na wanaopokea hawalisahau. Daftari zake zipekuliwe kwanza, zenye habari za wagonjwa zibaki hospitalini.

Simu yake sasa iko mikononi mwa mtoto wake. Kila mnachoandika kwenye kundi la wodi, pamoja na habari za wagonjwa, kinasomwa na mtoto huyo. Msemaji aieleze familia kwa upole, kisha namba itolewe ndani ya siku chache. Kumtoa kimyakimya bila kusema huwaumiza, maana kwenye skrini wataona tu kwamba baba yao ameondolewa.

Wagonjwa waliokuwa wakimuulizia

Hili halimo kwenye kamati yoyote, na ndilo linalohitaji moyo zaidi. Mgonjwa wa kisukari, wa shinikizo la damu au wa kliniki ya watoto huja kila mwezi, wengine kila miezi mitatu. Kwa hiyo swali la "Sista yuko wapi?" litaendelea kuulizwa muda mrefu baada ya nyinyi kufuta machozi, na litamkuta mtumishi mpya asiyejua aseme nini.

Muandalieni maneno. Amwite mgonjwa pembeni, amketishe, aseme: "Sista alifariki tarehe fulani, tulimzika Kinondoni. Pole, najua mlizoeana. Kuanzia leo mimi ndiye nitakayekuwa nawe." Kisha anyamaze. Asiseme "amehama" wala "yuko likizo". Mgonjwa ataupata ukweli kwa mama ntilie getini, na hatamwamini tena kwenye mambo ya dawa. Asieleze alikufa kwa nini. Shinikizo la damu likipimwa dakika hiyohiyo linaweza kupanda kwa huzuni, hivyo apumzishwe, apimwe tena, ndipo dozi izungumzwe.

Tangazo la kliniki liwe nusu karatasi: picha, jina, miaka ya kazi, sentensi moja ya shukrani. Likae miezi mitatu, ili aje kulisoma hata anayehudhuria kwa nadra. Kwenye kliniki ambazo kuhudhuria kwenyewe ni siri, tangazo likae ndani ya chumba, nje hapana. Pembeni wekeni daftari la rambirambi na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Wengine hawajui kuandika, basi mtumishi awaandikie wanachosema. Baada ya miezi hiyo mitatu daftari lipitiwe, lolote linalofichua ugonjwa wa mtu litolewe, na lipelekwe kwa familia. Hakuna zawadi itakayolizidi.

Cha kubaki ukutani, na cha kubaki mikononi

Chagueni kitu kimoja. Idara iliyopanga kibao, mti, tuzo na mfuko kwa pamoja mara nyingi haimalizi hata kimoja.

Kibao kinahitaji barua kwa mfawidhi, na kila herufi ya jina ikaguliwe na familia kabla fundi hajachonga. Wodini kuta na samani hupanguswa kwa klorini ya asilimia 0.5. Klorini hula shaba na chuma, na hewa ya chumvi ya pwani humalizia. Tumieni granaiti au plastiki nene iliyochongwa, mahali pasipopanguswa kila siku. Fremu ya mbao na picha ya karatasi itaingia unyevu masika ya kwanza.

Mti upandwe mwanzoni mwa masika, Machi, au vuli, Oktoba, si siku ya mazishi kama ni Januari. Shimo sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu uchanganywe na debe la samadi iliyooza kwa sababu mchanga wa Dar haushiki maji, na uwe mita 5 au zaidi kutoka ukutani na kwenye mabomba ya maji taka. Mkungu hutoa kivuli mapema kwa wanaosubiri. Mwarobaini huvumilia ukame. Mwembe utapigwa mawe na watoto. Mtu wa kumwagilia ndoo moja mara mbili kwa wiki, kiangazi chote cha kwanza, ajulikane kwa jina kabla mche haujanunuliwa.

Mkiomba chumba au kliniki iitwe jina lake, liwe jina fupi ambalo watu watalitamka. Pale Muhimbili watu husema "amelazwa Sewahaji" kila siku, na hivyo jina la Sewa Haji, mfanyabiashara aliyetoa fedha za kujenga hospitali karne ya 19, bado liko midomoni. Jina refu lenye vyeo vitatu litageuka kuwa "chumba namba 6" baada ya mwezi.

Kuliko vyote hivyo, tunashauri kuendeleza lile jambo dogo alilokuwa akilifanya bila kutumwa. Rudini kwenye majibu ya watu watano. Kama ni sukari ya droo ya pili, iandikwe kwenye rosta ya mwezi: nani ananunua kilo moja, nani anaangalia kila Jumatatu kama ipo. Kama ni kuwahi ili mwenzako awahi daladala, liwe kanuni ya wodi. Tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, ni siku nzuri ya kulitaja jina lake na kukabidhi kazi hiyo kwa mwenye zamu ya mwaka unaofuata.

Miezi inayofuata

Kifo husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ndani ya siku 30. Mtu wenu mmoja anayejua ofisi aisaidie familia, na ahakikishe mapema kwamba jina kwenye kibali cha mazishi ni lilelile la kitambulisho cha NIDA na barua ya ajira. "Mwajuma" kwenye karatasi moja na "Mwanajuma" kwenye nyingine huchelewesha mafao, na kurekebisha kunahitaji viapo na safari nyingi. Mafao hufuatwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii: PSSSF kwa mtumishi wa umma, NSSF kwa sekta binafsi. Familia itahitaji pia kikao cha ukoo na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Hati ya mshahara ya mwisho na barua ya ajira ziandaliwe kwao, wasizifuate mara nne.

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10. Wamtembelee akina mama, wawili wawili, wakiwa wamemjulisha, na wasiende mikono mitupu: sukari, mchele, sabuni. Arobaini wengine hufanya, wengine hawafanyi, hivyo ulizeni, msitangaze tarehe wenyewe. Kwa Wakristo kutakuwa na kumaliza matanga, baadaye kusimika msalaba au kujengea kaburi, na misa ya mwaka. Tarehe hizo ziingizwe kwenye simu ya msemaji na ya mtu mwingine mmoja, maana msemaji naye huhamishwa kituo.

Na mtumishi mpya akianza kazi kwenye kliniki hiyo, siku ya kwanza mfungulieni droo ya pili, mwonyesheni sukari, mwambieni mwezi huu inanunuliwa na nani, na ilianzishwa na nani.